IP ya nyumbani inabadilika kila alfajiri saa kumi, kamera za bandani zinapotea. Nani anahusika?

#1 KukuWaGoba
Wakuu habari za mchana. Nina banda la kuku wa mayai Goba, ila kazi yangu iko Dodoma, Dar narudi wikiendi mbili kwa mwezi. Hesabu za mayai zilikuwa hazinielei nikafunga kamera nne na DVR ya kurekodi, jamaa mmoja wa mtaani akanisetia, akafungua poti (mlango wa kuingilia kutoka nje) kwenye rauta, akaniandikia IP (namba za anwani ya nyumba kwenye intaneti) kwenye kikaratasi akasema ukiwa popote andika hizi namba utaona banda. Kweli nikaona. Kesho yake sioni. Nikampigia akasema IP imebadilika, ikabidi dogo anayelisha kuku aingie intaneti aangalie namba mpya anisomee kwenye simu, nikaona tena. Kesho yake hola.

Nimefuatilia nikagundua inabadilika alfajiri, saa kumi na dakika kadhaa, karibu kila siku. Siyo saa tisa, siyo saa kumi na moja. Swali langu, kampuni ya intaneti wananifanyia makusudi ninunue ile IP ya kudumu, au kuna mtu anachezea rauta? Na kuna namna ya kuona kuku wangu bila kumuamsha dogo anisomee namba kama anasoma tokeni za LUKU?

#2 Asiyelala
Saa kumi alfajiri unaangalia kuku. Oa mkuu.

#3 Fundi Nguzo
Ni umeme huo. Ukipepesa hata sekunde mbili taa hushtuki lakini rauta inazima na kuwaka, ikiwaka inaomba IP upya na inapewa yoyote iliyopo kwenye kapu. IP ya nyumbani siyo yako, umeazimwa. Weka rauta kwenye betri ndogo, zipo zile za volti 12 madukani Kariakoo, tatizo litaisha.

#4 Kebo Nyekundu
Umeme gani unapepesa saa ileile kila siku? Wanafanya makusudi hao. Mimi nilipiga simu kuulizia IP isiyobadilika nikaambiwa ipo kwenye kifurushi cha biashara tu, bei karibu mara mbili ya ninachokilipa. Sasa kama wanayo ya kuuza si wanayo ya kutoa? Wanakuwasha mpaka ukatafute dawa, na dawa wanauza wao.

#5 Mzee Transista
Fundi Nguzo umesema kweli nusu. Inategemea rauta inapewaje IP. Kama ni DHCP, IP inakuja na muda wa kuikaa, wanaita lizi, na rauta ikizima ikawaka kabla lizi haijaisha mara nyingi inarudishiwa ileile. Kama ni PPPoE, ile ya kuingiza jina na pasiwedi kwenye rauta, kila ikiunganisha upya ni kikao kipya na hapo ndo unaweza kupewa nyingine. Mleta mada ingia kwenye rauta utuambie WAN, yaani upande wa intaneti, imeandikwa nini.

Na Kebo Nyekundu, hizo IP haziko nyingi kama unavyodhani. IPv4 zote duniani ni bilioni 4.3 hivi, na kapu kuu la dunia lilitoa mafungu ya mwisho Februari 2011. Afrika tunagawiwa na AFRINIC wa Mauritius, na tangu Januari 2020 kampuni ikiomba inapata zisizozidi 1,024 kwa mkupuo, zaidi ya hapo haipati. Kampuni yenye wateja maelfu itagawa nini?

#6 Kebo Nyekundu
Mzee una data lakini wananiwasha vilevile.

#7 DadaSeva
Jamani mnatibu kabla ya kupima. KukuWaGoba fanya vitu viwili tu. Kwanza dogo aunge simu kwenye waifai ya bandani, afungue 192.168.1.1 au 192.168.0.1, aingie kwenye rauta, asome IP iliyoandikwa sehemu ya WAN. Pili, akiwa kwenye waifai hiyohiyo afungue tovuti yoyote ya kuonyesha IP yako. Namba zikifanana una IP ya umma. Zikiwa tofauti acha kupoteza muda na poti, utakuwa umefungua mlango wa chumbani wakati geti la nje limefungwa na funguo iko kwa mwenye nyumba.

#8 KukuWaGoba
Ahsante dada. Imetuchukua dakika arobaini. Pasiwedi ya rauta hatuna, aliyesetia hapokei simu, mwisho dogo kageuza rauta kakuta stika chini yake, kumbe haijawahi kubadilishwa (najua, msinitukane). WAN inaanza na 100.79, tovuti inasema 41 nukta, zilizobaki sizitaji hapa maana nawajua.

#9 mjukuu_wa_chifu
100! Pole mkuu hiyo ni CGNAT. Ukiona 100 mwanzoni ujue imekula kwako.

#10 Mzee Transista
Siyo 100 zote mjukuu. Ni kuanzia 100.64 mpaka 100.127 tu, zilitengwa Aprili 2012 kwa kazi hiyo. 100.20 kwa mfano ni IP ya umma kama nyingine. Ila 79 yake iko ndani, kwa hiyo jibu lako ni sahihi kwa bahati.

Kwa wasiojua CGNAT, rauta yako nyumbani inakusanya simu, TV na laptopu zote zinatoka nje kwa IP moja. Sasa kampuni nayo imeweka rauta kubwa juu yako, nyinyi nyumba nyingi mnatoka nje na IP moja ya umma. Kwenda mnaenda vizuri. Kurudi ndo shida, mtu akigonga kutoka nje mtambo haujui anamtaka nani kati yenu.

#11 mjukuu_wa_chifu
Kwa bahati tena. Haya shikamoo mzee.

#12 Mzee Transista
Marahaba mjukuu.

#13 Fundi Nguzo
Subirini. Kama ni CGNAT zile siku za mwanzo aliona vipi? Kasema mwenyewe aliandika IP akaona banda, ikabadilika akaandika mpya akaona tena. Kwenye CGNAT hata ukifungua poti mia hakiingii kitu. Hamuoni hapo hapakai sawa?

#14 KukuWaGoba
Fundi kweli kabisa niliona, picha niliyoipiga ninayo mpaka leo. Ila sasa mmenikumbusha, wiki tatu hizi hata nikisomewa namba mpya haifunguki kwa kuandika. Naona kwa ile apu ya kamera ya kuskani QR tu, nayo inagandaganda.

#15 DadaSeva
Aaah sasa wewe ndo unayasema haya ukurasa wa pili. Apu ya QR haihitaji IP yako. DVR yenyewe inapiga simu kwenda seva ya waliotengeneza, na wewe unapiga kulekule, mnakutanishwa. Ndo maana hata kwenye CGNAT inafanya kazi, na ndo maana inaganda, inategemea seva yao iko umbali gani na imebeba watu wangapi siku hiyo.

Nionavyo mimi zamani ulikuwa na IP ya umma inayobadilika, halafu wiki tatu zilizopita wakakuhamishia CGNAT kimyakimya. Hayo ni matatizo mawili yamekutana kwenye uzi mmoja.

#16 Fundi Nguzo
Au amebadilishiwa kifaa cha faiba. Walikuja watu wao karibuni?

#17 KukuWaGoba
Dogo anasema walikuja kurekebisha waya uliokatwa na lori la mchanga. Tarehe haikumbuki.

#18 Binti Sayari
Kwa wenye IP ya umma inayobadilika (KukuWaGoba wa zamani) dawa ni DDNS. Unachukua jina la bure, mimi natumia DuckDNS, unaweka skripti ndogo kwenye kitu chochote kinachowaka muda wote, kila dakika tano inaenda kuripoti "mimi sasa niko hapa". Wewe unakariri jina, namba zibadilike mpaka zichoke. Rauta nyingi zina sehemu ya DDNS humohumo, hata DVR nyingi. Kuna No-IP pia ila ya bure inataka uthibitishe kila siku 30, nilisahau nikiwa uzazi nikakuta jina limekufa.

Halafu msijaribie mkiwa ndani ya waifai yenu. Mimi nilikesha siku mbili nadhani haifanyi kazi kumbe rauta yangu haimruhusu mtu aliye ndani atoke nje na kuingia tena kwa jina la nje. Nikazima waifai nikaweka bando la simu, ikafunguka palepale. Nililia.

#19 Mpemba wa Hamburg
Hiyo saa kumi ndo inanivutia mimi. Huku Ujerumani kampuni za intaneti za waya wa simu zilikuwa zinakukata kwa lazima kila baada ya masaa 24 unaunganishwa upya na IP mpya, ni jambo linalojulikana na lina jina lake kabisa. Rauta za FRITZ!Box zina sehemu ya kuchagua ukatwe saa gani ili usikatwe ukiwa kazini, watu wanaweka alfajiri. Yawezekana na huko kampuni yenu ina kikomo cha kikao cha masaa 24. Rauta iliwashwa mara ya kwanza saa kumi, basi kila siku inazunguka hapohapo.

#20 Fundi Nguzo
Nani kawasha rauta ya bandani saa kumi alfajiri?

#21 Mpemba wa Hamburg
Umeme ulirudi saa kumi. Tumekubaliana ami, nadharia yako na yangu zimeoana.

#22 Asiyelala
Naombeni kadi ya mchango.

#23 Kebo Nyekundu
Mpemba mpaka huko wanawakata makusudi, na mimi mnaniona mwehu.

#24 Msee wa Rongai
Niaje wakubwa. Huku kwangu Rongai niko na intaneti ya satelaiti, nayo ni CGNAT ukitumia kifurushi cha nyumbani. Kilichoniokoa ni IPv6, ile aina mpya ya IP, unapewa anwani za kutosha kila kifaa kikae na yake, hakuna kushare. Lakini usiseme umemaliza, rauta inazuia kitu chochote kinachogonga kutoka nje mpaka ufungue fayawoli, na simu unayotazamia pia lazima iwe na IPv6 la sivyo hamuonani. Na hiyo anwani ya IPv6 pia inaweza kubadilika, kwa hiyo DDNS bado unaihitaji. Mimi nilikuwa nafikiria nimeacha hiyo shida nyuma kumbe nimekuja nayo.

#25 KukuWaGoba
Sijaelewa nusu ya hayo ila nashukuru. DVR yangu sijaona popote pameandikwa IPv6.

#26 DadaSeva
Kabla hujafungua poti yoyote sikiliza. Mwaka 2016 kuna kirusi kiliitwa Mirai, kilikuwa kinazunguka intaneti nzima kinagonga kamera na DVR kinajaribu pasiwedi za kiwandani, zile za admin admin. Kikakusanya vifaa vingi mno, tarehe 21 Oktoba vikarushwa vyote kwa kampuni ya Dyn, tovuti kubwakubwa za Marekani zikazima siku hiyo. Na hiyo Dyn ndo waliojulikana kwa kutoa DDNS, kwa hiyo kamera za watu ziliangusha haohao walioziwezesha kuonekana. DVR inayoangalia nje kwa poti wazi na pasiwedi ya stika ni banda lisilo na mlango. Badilisha leo.

#27 mjukuu_wa_chifu
Kwa CGNAT njia rahisi ni Tailscale. Tafuta laptopu yoyote mbovu au ile kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iache bandani, weka Tailscale humo na kwenye simu yako, ingia kwa akaunti moja. Vinatafutana vyenyewe, vyote vinapiga kutoka ndani kwenda nje kwa hiyo hakuna poti ya kufungua. Vikishindwa kuonana moja kwa moja vinapitia seva yao ya katikati, hapo utaona uzito kidogo. Halafu ile laptopu unaiambia itangaze mtandao wa nyumbani, DVR unaifungua kwa 192.168 yake kama uko sebuleni. Kwa matumizi binafsi ni bure.

#28 KukuWaGoba
Mkuu mbona simu yangu imepewa 100.101 kitu? Na mimi nimeingia CGNAT mpaka kwenye simu??

#29 mjukuu_wa_chifu
Hahaha hapana. Tailscale nao wanatumia lile fungu la 100.64 mpaka 100.127 kwa anwani zao za ndani. Hiyo siyo ya kampuni yako. Mzee Transista nimekuwahi leo.

#30 Mzee Transista
Umewahi. Ila ongeza kwamba kwa sababu hiyohiyo kuna wakati vinagongana kwenye mtandao wenye CGNAT, watu wakakesha wasijue kwa nini.

#31 Wakili Asiye na Kesi
Naingilia kidogo. Tailscale ni VPN, njia ya faragha ndani ya intaneti. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, walitangaza watumiaji wa VPN watoe taarifa zao kabla ya tarehe 30 mwezi ule, na kati ya taarifa zilizotakiwa ilikuwemo IP. Sasa mtu ambaye IP yake inabadilika kila saa kumi alfajiri alitakiwa aandike ipi?

#32 Asiyelala
Aandike "itategemea".

#33 DadaSeva
Ile ililenga zaidi wanaopita kwenda kwenye maudhui yaliyozuiwa, huyu anaenda kwa kuku wake mwenyewe.

#34 Wakili Asiye na Kesi
Tangazo lilisema watumiaji wa VPN, halikusema kasoro wafugaji. Wewe unasoma nia, mimi nasoma maneno. Asije mtu akasema hakuambiwa.

#35 Binti Sayari
Msimtishe. Kuna Cloudflare Tunnel pia, ila hiyo inafaa kwa kurasa za kawaida, video za kamera zinazopita RTSP, njia yao ya kurusha video, itakusumbua. Na unatakiwa uwe na jina la tovuti lako.

#36 Kibarua wa Njiro
Niongeze kesi yangu maana siyo wote tuna kuku. Nafanya kazi kwa mbali na kampuni ya nje, seva yao inaruhusu IP zilizoorodheshwa tu. Kila IP yangu ikibadilika nawaandikia barua pepe waniongeze, nao wanalala mimi nikiamka, siku nzima nimekaa natazama feni. Mara ya sita bosi akaniuliza kwa upole kama nahamahama. Nikaona aibu nikakodi VPS, seva ndogo ya kwenye intaneti, ya dola 5 kwa mwezi, hiyo ina IP isiyobadilika, nikaweka VPN ya WireGuard, nikitaka kazini napitia pale. Wamenisajili mara moja imeisha. IP ya nyumbani sasa ibadilike kila dakika sijali. KukuWaGoba hata wewe ungeweza, banda likapiga kwenye VPS na wewe ukapiga kwenye VPS, yote yako mwenyewe bila seva ya mtu.

#37 Kebo Nyekundu
Dola 5 kila mwezi kumtazama kuku. Si bora ununue kuku mwingine.

#38 Jirani Mwema
Hiyo ya kushare IP ndo ilinipiga bani kwenye jukwaa moja la mpira. Nilikuwa sijaandika hata neno. Msimamizi ananiambia IP yako imetukana watu jana. Kumbe tulikuwa tunatoka IP moja na mtu mwingine, sijui hata ni nani, labda ni jirani yangu ninayemsalimia kila siku. Na zile picha za "chagua taa za barabarani" tovuti zinaniletea mpaka nimekuwa trafiki.

#39 Asiyelala
Ilikuwa wewe.

#40 Jirani Mwema
Timu gani nilitukana?

#41 Asiyelala
Unaona, unajua ilikuwa timu.

#42 Fundi Nguzo
Turudi kwenye saa kumi. KukuWaGoba DVR inarekodi kwenye diski yake muda wote siyo? Fungua rekodi ya leo saa 10:00 hadi 10:15 alfajiri. Kukiwa na pengo, umeme ulikatika. Pasipokuwa na pengo basi umeme ulikuwepo na rauta peke yake ndo ilikatwa, hapo nitakubali ya Mpemba au hata ya Kebo.

#43 KukuWaGoba
Nimesharudi wakuu. Kwanza Tailscale imekubali, laptopu ya zamani ya shemeji haina skrini lakini inawaka, nawaona kuku nikiwa Dodoma laivu bila kuganda. mjukuu_wa_chifu nakudai soda, yaani unanidai.

Rekodi nimeangalia siku tatu. Hakuna pengo hata sekunde.

#44 Kebo Nyekundu
NILISEMA.

#45 Mpemba wa Hamburg
Masaa 24. Nilisema mimi.

#46 KukuWaGoba
Ila ngojeni nisije nikawadanganya. Dogo ananiambia DVR iko kwenye UPS ya betri na rauta iko kwenye ekstensheni ya ukutani. Kwa hiyo umeme ukikatika DVR haijui.

#47 Fundi Nguzo
Sasa rekodi imetusaidia nini?

#48 Mzee Transista
Kuna jingine hamjalitaja. Rauta nyingi zina ratiba ya kujizima na kujiwasha, na mafundi wanapenda kuiweka alfajiri ili mteja asilalamike intaneti nzito. Aliyekusetia anaweza kuwa aliiweka yeye. Angalia kwenye menyu ya rauta palipoandikwa muda au ratiba.

#49 KukuWaGoba
Pasiwedi nimebadilisha kama dada alivyoagiza halafu dogo kaiandika mkononi akanawa. Nitaangalia nikienda wikiendi.

#50 Mpemba wa Hamburg
Lahaula.

#51 Binti Sayari
Ukiwa huko hamishia rauta kwenye UPS uangalie kama saa kumi itapita salama. Usibadilishe kitu kingine siku hiyo, la sivyo hutajua kipi kimetibu.

#52 DadaSeva
Na kamera zimesema nini kuhusu mayai? Hilo ndo lilikuwa tatizo la kwanza kama mmesahau.

#53 KukuWaGoba
Kuna kenge. Anaingia saa nane mchana kwa raha zake kama mwenye banda, dogo akiwa anaangalia IP.

#54 Asiyelala
Kenge naye yuko nyuma ya CGNAT, haonekani kutoka nje.

#55 Jirani Mwema
Trei unauza bei gani? Niko Mbezi.

#56 KukuWaGoba
Njoo inbox mkuu, ila mzigo mpaka Jumamosi.